Darubini Iliyoitwa Uhuru

Somo la vikundi. Someni kwanza Zaburi 19:1-6.

Wapendwa, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Kimarekani iliruka kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilichukua darubini ndogo, nayo kwa heshima ya siku ile ikaitwa Uhuru. Aliyeipa jina hilo ni mama Marjorie Townsend, msimamizi wa kazi. Yafaa watoto wetu walijue jambo hili.

Mbona ipandishwe juu? Kwa sababu ziko nyota zitoazo eksirei, miali ile ile ya hospitalini, nayo hewa ya dunia huizuia isitufikie. (Ashukuriwe Mungu kwa hewa hiyo, maana miali ikizidi huua.) Na Malindi i karibu na ikweta, ambako mwendo wa dunia kujizungusha huisaidia roketi kupanda.

Uhuru haikuwa na kioo wala lenzi. Ilikuwa na mafungu mawili ya visanduku vya gesi, yaliyopeana mgongo. Mwali ukiingia, gesi hutoa mshtuko mdogo wa umeme, nao huhesabiwa. Mbele yake palikuwa na mirija myembamba iliyozuia miali ya pembeni, ili ijulikane mwali umetoka upande gani. Chombo kilijizungusha polepole, kikipekua mbingu utepe kwa utepe. Hata kilipokoma Machi 1973, orodha yake ilifikia vyanzo 339 vya miali. Kimoja, Cygnus X-1, kilipepesa mara kadhaa kwa sekunde moja. Leo wataalamu wanakubali kwamba hapo pana shimo jeusi, ambalo hata nuru haiponyoki mvuto wake. Kiongozi wa utafiti, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Wapo wapendao kuhubiri kwamba miali isiyoonekana yathibitisha kuwako kwa Mungu. Mimi naona si haki. Miali haionekani, lakini yapimika kwa kisanduku cha gesi. Mungu hapimiki hivyo. Tena kijana aliyejengewa imani juu ya hoja kama hiyo, siku mwalimu wa fizikia atakapoivunja, atadhani na imani imevunjika. Hapo lawama ni yetu, si ya mwalimu.

Swali la kuzungumza: Mtunga Zaburi alitazama jua alilolijua. Mzazi amjibu nini mtoto anayeuliza, shimo jeusi nalo Mungu aliliumba kwa kazi gani?