Mwizi, Kufuli na Moto: Mafunzo Niliyopata Nikikagua Majengo Subukia

Ukiingia dukani Subukia na daftari mkononi, mwenye duka huanza kutafuta leseni, na asipoiona huanza kutafuta soda baridi. Si rahisi kumshawishi kwamba wapo maafisa wa kaunti wasiokuja kwa ajili ya kodi. Kazi yangu ilikuwa kuzuia moto kabla haujawaka: kuangalia milango, nyaya, mitungi na mabweni, kisha kuandika kinachopaswa kurekebishwa. Wenzetu wa kuzima moto wana gari jekundu na king'ora. Sisi tulikuwa na pikipiki na fomu.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, la nne nchini Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hata hivyo Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti nzima huduma za zimamoto, si mji pekee, kwa hivyo mkaguzi anayeanzia siku kwenye ghorofa la mjini anaweza kuwa Kabazi au Waseges, vijijini Subukia, kabla ya chakula cha mchana. Haya ndiyo niliyojifunza kwenye bonde hilo la Subukia.

1. Hesabu barabara kwanza

Kutoka Nakuru mjini hadi Subukia ni takriban kilomita 40. Barabara ya kwenda Nyahururu inapanda Bahati, inapita Maili Kumi, kisha inateremka kwa kona hadi bondeni. Gari lililojaa maji haliwezi kushuka mteremko ule jinsi matatu za huko zinavyoshuka. Ongeza lori la mawe lililo mbele yake, ongeza ukungu. Nyumba ya mbao nayo inahitaji dakika chache tu kushika moto yote. Watu wakiniuliza kwenye baraza la chifu, "Sasa nyinyi zimamoto mtatufikia saa ngapi?" sikuwapa ahadi. Niliwaambia gari likija litaokoa nyumba ya jirani. Yako iokoe leo.

2. Adui wa mkaguzi ni mwizi

Karibu kila kasoro niliyoandika kwenye fomu ilikuwa na mwizi nyuma yake. Vyuma vya dirishani vimewekwa kwa sababu ya mwizi. Kufuli la nje ya bweni ni kwa sababu ya mwizi, au ya mvulana anayetoroka usiku. Pikipiki yenye tangi lililojaa inalala sebuleni, mtungi wa gesi unalala uvunguni mwa kitanda: mwizi. Na hofu hiyo si ya kijinga, maana mwizi hubisha hodi mara nyingi kuliko moto. Ukimwambia mtu aondoe vyuma bila kumpa jibu la mwizi, umepoteza petroli ya pikipiki yako bure.

Katika shule moja ya bweni nilimwomba mwalimu anionyeshe mlango wa dharura. Ulikuwepo, umeandikwa vizuri kwa rangi nyekundu, na umefungwa kwa kufuli.

"Ufunguo uko kwa nani, Mwalimu?"

"Uko kwa soja."

Soja, mzee mpole aliyevaa kabuti, akaja na funguo nyingi kwenye kamba ya katani. Wa kwanza ukakataa. Wa pili ukaingia lakini haukuzunguka. Akasogea penye mwanga, akazigeuza moja moja, akarudi na mwingine, huo nao ukakataa. Mwalimu akaanza kukohoa. Ulikuwa mchana, hakuna moshi, hakuna mtoto anayepiga mayowe, na bado tulisimama pale mpaka kengele ya somo lililofuata ikalia. Sikuwa nimesema neno. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyenigeukia: "Nimeona, afande."

Machi 2001 katika shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa kwa moto katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama shuleni: bweni liwe na mlango kila upande na wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Septemba 2024 nchi ikalia tena, safari hii wavulana 21 waliokufa katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Nikizipanga tarehe hizo kwa mfuatano, sioni kwamba tulipungukiwa na maandishi.

Jibu la mwizi lipo. Ni komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Kwa nyumba za watu, ni dirisha moja lenye vyuma vya bawaba, vinavyofunguliwa na aliye ndani peke yake. Kwa shule, ni mlinzi anayelipwa kwa wakati, akae nje, macho wazi.

3. Ukileta sheria, njoo na fundi

Mama mmoja mwenye hoteli karibu na stendi alikuwa na mtungi wa kilo 13 chini ya kaunta, hatua chache kutoka kwenye jiko la makaa la chapati.

"Mama, huu utoke nje."

"Utoke uende wapi, kijana wangu? Ukilala nje, asubuhi nanunua mwingine."

Mwizi tena. Nikamweleza kwamba gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja haipandi darini, hutambaa sakafuni kama maji, ikajikusanya penye bonde na kungoja cheche. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaniwekea chai, na mtungi ukabaki palepale. Aliyemgeuza ni fundi wa kuchomelea wa duka la pili, aliyempimia kizimba cha nondo chenye kufuli. Kikafungwa kwenye ukuta wa nje penye hewa, mpira ukapitishwa kwenye tundu. Baada ya hapo nilitembea na namba za mafundi kwenye simu. Kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 zinataka mahali pa kazi pakaguliwe kila mwaka, na wafanyakazi wafanye zoezi la kutoka angalau mara moja kwa mwaka. Ni kanuni nzuri, ila hazisemi kizimba kinatengenezwa wapi.

4. Mtungi mwekundu unataka mkono uliouzoea

Wengi hununua mtungi wa kuzimia moto ili leseni itoke. Nimeukuta nyuma ya magunia, bado kwenye nailoni yake. Mtungi mdogo wa poda huisha kwa chini ya nusu dakika, na asiyewahi kuushika huimalizia poda yote juu ya ndimi za moto badala ya kulenga shinani. Tazama mshale uwe kwenye kijani, na uutundike karibu na mlango.

5. Petroli ya bure

Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachang'wan, karibu na Molo, na watu wakakimbilia na ndoo na madumu. Moto ukalipuka, na zaidi ya 100 walikufa. Nikitaja Sachang'wan barazani hakuna anayecheka, kwa sababu kona za Subukia nazo zina malori.

Kijana mmoja wa bodaboda alinijibu, "Afande, wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa." Ni kweli, na sikumpinga. Nilimwambia tu lile ambalo njaa haiwezi kulibadilisha: mvuke wa petroli hausubiri kiberiti kiletwe karibu. Husafiri chini chini mpaka uufikie moto ulioko mbali, au injini ya pikipiki aliyoiacha ikinguruma. Ndiyo hatari ileile ya chupa za petroli zinazouzwa kando ya jiko la mahindi choma. Na kwa kuwa bodaboda hufika popote kabla ya mtu mwingine, hao ndio niliowaomba, lori likipinduka, wafunge barabara na kuwarudisha watu nyuma.

6. Simu isiyo na anwani

Vijijini hakuna namba za nyumba. Anayepiga simu hulia, "Ni hapa kwetu!" kisha hukata. Piga 999 au 112. Sema kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Kisha taja njia: njia panda ipi, kanisa gani, shule gani. Mtume kijana wa bodaboda akasimame kwenye lami, taa zikiwaka, aliongoze gari. Na mnaokuja kila Oktoba kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria hapa Subukia, magari yakijaa, tafadhali acheni njia moja wazi.

Kabla hujazihitaji namba hizo za dharura, fanya jambo moja usiku wa leo. Zima taa zote, umwambie mdogo kuliko wote nyumbani afungue mlango wa nje peke yake. Akishindwa, kesho mwite fundi.