Makaratasi yako yashike mwenyewe

Shangazi, mimi ni mzaliwa wa Malindi, Kenya. Nimeolewa na kijana wa Ndundu, Tanzania, ndoa ikafungwa kwetu mbele ya kadhi, kisha nikaja kuishi kwao. Niliingilia mpaka wa Horohoro nikagongewa muhuri wa miezi sita, na sasa umebaki mwezi na siku kidogo. Nimesomea ususi na urembo, nataka kufungua saluni Kibiti mjini. Mume wangu anasema mke wa mtu hana haja ya kibali, tena sisi sote ni Afrika Mashariki. Wifi yangu yuko tayari leseni na fremu viandikwe kwa jina lake. Pasipoti yangu anaiweka mume wangu. Mwenyekiti wa kitongoji ameshaniuliza makaratasi mara mbili, na mume wangu amekasirika. Nifanye nini?
Mgeni wa Ndundu

Mwanangu, naanza na kauli ya mumeo, maana mengine yote yanategemea hapo. Anaamini kwamba akishakuoa, nchi yake nayo imekupokea. Si peke yake anayeamini hivyo. Ni imani ya watu wengi wa Pwani, ambako ndoa za Lamu, Mombasa, Tanga, Mafia na Kilwa zilikuwepo kabla ya mipaka kuchorwa. Lakini Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya mwaka 1995 haimpi mke wa raia ukaazi kwa kuolewa tu. Inampa sababu nzito ya kuomba. Cheti chako cha ndoa kutoka kwa kadhi wa Malindi ni ushahidi wa kupeleka Uhamiaji ili upewe pasi ya mtegemezi, ile ambayo watu wa maofisini huiita dipendanti. Mpaka uwe nayo, wewe kwa macho ya sheria ni mgeni mtembezi ambaye muda wake unakaribia kwisha. Siku ya mwisho ya muhuri ikipita, utakuwa mkaaji asiye na ruhusa, na hata akija mumeo kusema "huyu ni mke wangu", maneno yake yatathibitisha ndoa ambayo hakuna aliyeibishia.

Jambo la pili ndilo linalowachanganya wengi, hata wenye elimu. Ruhusa ya kukaa na ruhusa ya kufanya kazi hutoka ofisi mbili tofauti. Kukaa ni Uhamiaji. Kazi ni ya Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, inayomkataza mgeni yeyote kushika kazi bila kibali na kumkataza mwajiri kumpokea. Ukiwa na pasi ya mtegemezi unaishi na mumeo, unalea, unapika, unamsaidia kulima shamba lenu la chakula, na hakuna wa kukusumbua. Ukitaka kazi ya mshahara, mwajiri ndiye anayekuombea kibali cha kazi, na juu yake Uhamiaji inakupa kibali cha ukaazi cha daraja B. Pasi ya mtegemezi haigeuki kuwa kibali cha kazi kwa sababu umekaa nayo muda mrefu au kwa sababu kijiji kizima kimekuzoea.

Mumeo atasema, na Jumuiya ya Afrika Mashariki je? Hoja yake ina uzito na inastahili jibu la haki. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na ndiyo iliyokufanya upite Horohoro bila viza na kupewa miezi sita. Lakini itifaki hiyo hiyo iliacha kila nchi itaje kazi inazozifungua kwa majirani, na ikaacha vibali mikononi mwa kila nchi. Tanzania ilifungua baadhi ya taaluma, ikaziacha nyingine. Kwa hiyo miezi sita uliyopewa ni ya kuingia na kukaa. Anayekwambia ni ya kufanyia biashara anasoma nusu ya kwanza ya itifaki na kuiacha ya pili.

Sasa saluni, na hapa nitakuumiza kidogo. Mwezi Julai 2025 Wizara ya Viwanda na Biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Saluni imo, isipokuwa ile iliyo ndani ya hoteli au inayohudumia utalii. Biashara ya jumla na rejareja imo. Uwakala wa pesa za simu, ufundi wa simu, udalali wa nyumba, vyote vimo. Kununua mazao shambani nako kumo, na nalitaja hilo kwa sababu Kibiti na Rufiji ni nchi ya korosho na ufuta, na mtu akikosa saluni ndugu hukimbilia kumwambia azunguke na gunia na mizani. Kenya ililalamika juu ya amri hiyo, ikisema inakwenda kinyume na soko la pamoja, na kwa upande wangu naona malalamiko hayo yana msingi. Lakini mgogoro wa mawaziri hauwezi kukukinga wewe mlangoni pa fremu. Adhabu iliyoandikwa kwa asiye raia ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Soma hilo la mwisho mara mbili. Kwa ajili ya kichwa kimoja cha kusuka unaweza kupoteza haki ya kulala nyumba moja na mumeo.

Wifi yako ni mtu mwema, na wema wake usiupokee kwa jambo hili. Amri ile inamtaja raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Leseni ya halmashauri itakuwa na jina lake, namba ya mlipa kodi ya TRA itakuwa yake, mkataba wa fremu utakuwa wake, na laini inayopokea pesa za wateja itakuwa imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Wewe utakuwa na nini? Utakuwa na madryer, mafuta, rasta, viti vya kuoshea nywele na jasho lako, vyote ndani ya chumba ambacho kisheria si chako na huwezi kukidai popote, maana ukienda mbele ya hakimu kusema "ile biashara ni yangu, wifi aliandikwa kwa jina tu" umejishtaki mwenyewe. Leo mnapendana. Kesho mkitofautiana kwa jambo la watoto au la msiba, mtaji wako unabaki kwake, na yeye naye anabaki na hofu ya kukamatwa kwa ajili yako. Sioni udugu unaoweza kubeba siri ya namna hiyo kwa miaka. Na mumeo akifungua saluni yeye, kwa jina lake halali, bado wewe ukisimama pale kila siku unasuka kwa malipo ni mgeni anayefanya kazi bila kibali.

Utauliza, basi nikae bure na ufundi wangu? Hapana, na sikubaliani na wanaosema mke alishwe tu. Kweli, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mkewe. Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mikataba na kushtaki kwa jina lake. Waliotunga kifungu hicho hawakumwona mke kama mzigo wa nyumbani. Kwa hiyo tafuta njia iliyo wazi. Kama una cheti cha chuo, hoteli au chuo cha ufundi kinaweza kukuajiri na kukuombea kibali, ingawa mwajiri atalazimika kueleza kwa nini raia hakupatikana, na kwa ususi maelezo hayo si rahisi kuyatoa. Njia ndefu zaidi, lakini ndiyo imara, ni uraia.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inamruhusu mwanamke aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai, kwa masharti mepesi kuliko ya mgeni mwingine. Ukiwa raia, sheria ya 2015 na amri ya 2025 hazikuhusu tena. Saluni utaifungua kwa jina lako. Lakini pima mambo mawili. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo itakubidi uache wa Kenya, hata kama Kenya yenyewe tangu katiba yake ya 2010 haikulazimishi. Una wazazi Malindi, pengine una urithi huko; zungumza nao kabla. Pili, angalia maneno "mumewe akiwa hai". Mwanamke anayeahirisha mwaka hadi mwaka kwa kuwa mambo yanakwenda, akifiwa mlango huo unafungwa, na anabaki mjane asiye mtegemezi wa mtu yeyote katika nchi aliyozalia watoto. Watoto wenyewe ni Watanzania kwa baba yao, hilo lisikutie hofu. Mama yao ndiye anayeweza kuambiwa aondoke.

Hapa sina budi kusema ninavyoona, ingawa hukuniuliza. Sheria hii ina upungufu. Mlango huo wa kifungu cha 11 umefunguliwa kwa mke tu; Mtanzania mwanamke aliyeolewa na Mkenya hawezi kumpitishia mumewe humo, na mume huyo husubiri miaka ya ukaazi kama mgeni yeyote. Na mke mwenyewe, kabla ya uraia, hana njia ya kati. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2011, inampa mwenza wa raia ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Uingereza, pamoja na ukali wake wote kwa wageni, inamruhusu mwenza anayepewa viza ya ndoa kufanya kazi tangu siku ya kwanza. Wanaotetea utaratibu wetu wanasema ndoa za uongo zitaongezeka. Zipo ndoa za uongo, na Uhamiaji ina mamlaka ya kuzichunguza. Lakini kumfungia kazi mke wa kweli hakumfichui wa uongo. Kunamsukuma yule wa kweli kwenye jina la wifi. Bunge likitaka kulinda ajira za raia, lingeanza kwa kukumbuka kwamba mapato ya mke huyu yanaingia kwenye chungu cha raia.

Kuhusu mwenyekiti wa kitongoji, mwambie mumeo ashushe hasira. Mwaka 2017 viongozi wa vijiji na askari waliuawa Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Aprili ya mwaka ule askari wanane waliuawa kwa siku moja eneo la Jaribu Mpakani. Kiongozi wa ngazi ya chini katika ukanda huo anapouliza mgeni huyu ni nani na ametoka wapi, anauliza akikumbuka wenzake. Nendeni wote wawili, mjitambulishe, muonyeshe cheti cha ndoa, mwandikwe kwenye daftari la wakazi. Barua ya mtendaji wa kijiji inayosema mnaishi pamoja itawafaa huko mbele.

Limebaki la pasipoti, na nimeliacha makusudi nyuma kwa kuwa ndilo linalonisumbua zaidi. Sisemi mumeo ana nia mbaya. Wanaume wengi huweka karatasi zote za nyumba pamoja, hati ya kiwanja, vyeti, kadi za kliniki, sanduku moja na ufunguo mmoja. Lakini pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na aliyekabidhiwa ni wewe. Ofisa akikusimamisha barabarani daraja la Mkapa, hatakubali kwamba iko kwa mume aliyesafiri. Ukipata msiba Malindi usiku, utaihitaji alfajiri. Utasema kuidai ni kumvunjia mumeo heshima. Ungeidai kwa kugombana, ingekuwa hivyo. Mwambie hivi: "Baba fulani, fomu ya Uhamiaji inataka namba na picha za kurasa, naomba nikae nayo mpaka tumalize." Akikupa, baki nayo, na yeye mpe nakala aiweke sandukuni. Akikataa, na akaendelea kukataa hata muda wa muhuri ukikaribia kwisha, hapo si suala la mila tena. Mshirikishe mzee wa upande wake anayemheshimu, na ikishindikana mwone msaidizi wa kisheria, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu hao hadi wilayani, au wasiliana na ubalozi wa Kenya Dar es Salaam.

Wiki hii, si mwezi ujao, nendeni pamoja ofisi ya Uhamiaji ya wilaya yenu mkiwa na cheti cha ndoa, pasipoti yako, kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa cha mumeo, picha ndogo na barua yake ya kukuombea. Maombi siku hizi hujazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, na malipo hufanywa kwa kontroo namba inayotoka kwenye mfumo wenyewe. Kishoka yeyote anayetaka umtumie pesa kwenye simu yake ili "akusukumie faili", mwache. Ulizeni pale pale kama cheti cha Malindi kinahitaji kusajiliwa RITA, wakala wa usajili, kwanza, kwa sababu mkirudishwa kwa hilo wiki tatu baadaye, muhuri utakuwa ukingoni. Ukipata pasi, andika tarehe yake ya mwisho ukutani. Kisha kaeni, wewe na mumeo, mzungumze uraia bila haraka. Wifi yako kama bado anataka kukusaidia, awaangalizie nyumba siku mtakayokwenda, au awaazime nauli.