Nyanya Anaposimama Ili Akujibu

Ukipita Kapsoya, Eldoret, asubuhi, maji ya mvua ya usiku yakiwa bado yametuama kwenye murram, utamwona kijana anasoma ujumbe wa M-Pesa huku akiruka dimbwi na kumpisha bodaboda, wala hakatizi anachosoma. Nyuma yake yuaja mama wa miaka sabini na kitu, kikapu mkononi. Jirani anamsalimu kutoka langoni. Mama anasimama kabisa, miguu yote miwili imetulia chini, ndipo anaitikia. Tunaliona hilo kuwa adabu, na mara nyingi ni adabu kweli. Lakini kwa mtu wa umri wake huenda ni ishara ya jambo jingine, na linafaa kujulikana na kila anayeishi na nyanya, awe anamwita kogo, shosho au kukhu.

Kwani kutembea na kuzungumza kuna ugumu gani?

Mwili wa binadamu husimama kwa kutegemea taarifa kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na neva za miguu na viungo zinazoueleza ubongo unyayo uko wapi na umekanyaga nini. Ubongo huzipatanisha taarifa hizo na kuiamuru misuli irekebishe mkao, tena upesi mno hata mwenyewe hajui. Uzee hugusa kila kimoja. Mtoto wa jicho hutia ukungu. Chembe za sikio la ndani hupungua. Neva za miguuni hupeleka habari polepole, na mwenye kisukari huenda asihisi nyayo vizuri. Misuli ya paja nayo hunyong'onyea.

Taarifa zikifika pungufu, ubongo hulazimika kuzifidia kwa umakini. Kutembea, ambako zamani kulijiendea kwenyewe, sasa kunatoza akili. Ukimuuliza nyanya bei ya sukuma wiki akiwa katikati ya hatua, unamtaka atumie umakini uleule unaomshikilia wima.

Jambo hili lilipimwa Uswidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997 katika jarida la The Lancet. Watafiti walitembea na wazee 58 waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunzwa, kisha wakaanzisha mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi sita iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Hakukuwa na mashine wala sindano. Ni mazungumzo tu.

Hata hivyo, usitishike kila mzee anaposimama. Wazee wale walikuwa tayari wanahitaji kutunzwa, na mama wa Kapsoya anayelima kishamba chake hayuko katika hali yao. Tena kusimama ni busara: ubongo wake umechagua kwanza asianguke, maneno yafuate. Anayenitia hofu zaidi ni yule anayeyumba na bado haachi kupiga gumzo.

Ndani ya ubongo kunatokea nini?

Wanasayansi humvalisha mtu kofia yenye vimulimuli vya mwanga usioonekana, unaopenya paji la uso na kuonyesha damu yenye oksijeni inaongezeka wapi. Mtu huweza kutembea akiwa ameivaa. Kwa wazee wengi, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupanga na kuamua, hufanya kazi zaidi kuliko ya kijana hata katika kutembea kwa kawaida. Kazi ikiwa nyepesi, juhudi hiyo ya ziada huwasaidia waende sawa na vijana. Ikiongezwa kazi ngumu, kama kuhesabu kurudi nyuma kwa tatutatu, akiba huisha: hatua hufupika, mwendo hupungua, au hesabu huharibika. Wakati mwingine vyote pamoja.

Mbona akina mama wetu hubeba mizigo mizito huku wakiongea?

Swali zuri, na Kenya ina historia yake hapa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Profesa Geoffrey Maloiy. Ulipima nguvu wanazotumia wanawake Waluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kuongeza nguvu wanazotumia kutembea. Kilichopimwa pale ni nguvu za mwili, si umakini, lakini funzo halikosekani: mwili uliozoezwa tangu utotoni huweza kujipangia mwendo wa gharama ndogo. Mazoea hayo humfaa mtu uzeeni. Hayamfanyi awe na macho ya miaka ishirini, wala hayafuti utelezi wa mwezi wa saba.

Basi si afadhali akae tu apumzike?

Hapa familia nyingi hukosea kwa mapenzi. Mzee akijikwaa mara moja tu, watoto wanaagiza: usiende sokoni, usishike jembe, kaa hapo kitini. Miezi michache baadaye mapaja yamelegea na hatari imekuwa kubwa zaidi. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 yaligundua kwamba mazoezi hupunguza maanguko ya wazee kwa karibu robo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa na nguvu angalau siku tatu kwa wiki.

Hayahitaji kiwanja cha mabingwa. Kiti imara kiegemezwe ukutani. Nyanya ainuke na kuketi bila kutumia mikono, mara chache, apumzike, arudie. Asimame kando ya meza, mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole. Atembee kimbavumbavu akishika ukuta. Akishayamudu, ongezeni maneno: ataje wajukuu kwa mpangilio wa kuzaliwa, au aimbe wimbo wa kanisani. Mtu awe karibu naye muda wote.

Tutajuaje kama hali inabadilika?

Pimeni mita tatu kutoka kwenye kiti. Mzee ainuke, aende, ageuke, arudi, aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, mweleze mhudumu wa afya. Kisha arudie akitaja majina ya vyakula. Tofauti ikiwa kubwa, mmejua umakini wake unakwenda wapi. Msiligeuze kuwa shindano, anayeharakishwa huanguka.

Angalieni pia dawa. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aone kizunguzungu anapoinuka ghafla, na zile za usingizi au za mzio kama Piriton humlegeza. Asiziache mwenyewe. Mtu aziweke zote katika mfuko mmoja, pamoja na zilizonunuliwa dukani, azipeleke kituo cha afya. Kukiwa na haja watawaelekeza Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Na patipati zilizolika nyayo, jamani, zitupwe.

Yote haya ni mabadiliko ya polepole. Mtu akipoteza usawa ghafla, uso ukapinda, mkono ukakosa nguvu au maneno yakakwama, huo huenda ni kiharusi: akimbizwe hospitalini saa hiyohiyo.

Akianguka, tumwinue vipi?

Msimnyakue kwa makwapa. Mwacheni atulie, mwulizeni anaumia wapi. Kama hawezi kukanyaga, au mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje, nyonga huenda imevunjika. Mfunikeni asishikwe na baridi ya Eldoret, msimkalishe, tafuteni gari analoweza kulala, si bodaboda. Kama haumii, ajiviringishe ubavu, apige magoti huku mikono ikiwa chini, atambae hadi kiti imara, aweke viganja vyote juu yake, atangulize mguu wenye nguvu, ainuke, ageuke, aketi. Maswali ya ilikuwaje yangoje mpaka awe ameketi.