Leseni za Programu: Vidokezo 5 vya Kununua Bila Kuumiza Mfuko

Kampuni imefika watu mia na ushee? Hongera! Huhitaji tena kununua leseni mojamoja dukani. Tuchukulie Microsoft 365, maana ndiyo iliyojaa maofisini.

1. Hesabu vichwa, si mashine
Leseni hii hufuata mtu. Mhasibu mwenye kompyuta ofisini na laptopu nyumbani anahitaji moja tu, kwani mtumiaji mmoja anaruhusiwa kompyuta 5, tableti 5 na simu 5. Omba orodha ya wafanyakazi, ilinganishe na akaunti zilizopo. Walioacha kazi bado wanalipiwa? Wafute!

2. Kila mtu na saizi yake
Mtunza stoo anayesoma barua pepe na kujaza fomu anatoshwa na Business Basic, inayofanya kazi kwenye kivinjari na simu. Anayeshinda kwenye Excel nzito mpe Business Standard. Kuchanganya kunaruhusiwa, na hapo ndipo pesa nyingi huokolewa.

3. Ikumbuke 300
Kila kifurushi cha Business kina ukomo wa watumiaji 300. Mkataba mkubwa wa Enterprise Agreement, kwa upande wake, huanzia 500. Una watu 120? Basi mkataba huo si wako, hata muuzaji aupambe vipi.

4. Mwaka kwa wa kudumu, mwezi kwa wa msimu
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Leseni ya mwezi kwa mwezi huwa ghali kwa takriban asilimia 20, ndiyo maana wengi huikimbia. Lakini ya mwaka ina kufuli: kuongeza watu unaweza wakati wowote, kupunguza ni hadi mkataba uishe. Ukikosea idadi, una siku 7 tu za kurekebisha. Sasa piga hesabu ya vibarua wa miezi 3. Kwa mwezi utalipa kama miezi 3.6 ya bei ya kawaida. Kwa mwaka utalipa yote 12. Umeona tofauti?

5. Usingoje ijihuishe yenyewe
Mkataba ukifika mwisho, mara nyingi hujihuisha na idadi ileile ya zamani. Weka kikumbusho kwenye simu siku 30 kabla, kisha omba profoma kwa mawakala wawili au watatu, ikionyesha bei pamoja na VAT. Kiweke sasa hivi, simu ikiwa bado mkononi.