Tawi, Kisiki na Mteremko: Elimu ya Kukata Miti Penye Makazi

Mti ulio karibu na nyumba hutoa kivuli, matunda na kuni. Lakini tawi lililooza huweza kuvunja paa, na mzizi huweza kupasua msingi. Kwa hiyo kila mwenye nyumba hulazimika siku moja kushika msumeno. Katika somo hili tutachunguza mambo mawili: namna ya kupogoa tawi bila kuudhuru mti, na hatima ya kisiki baada ya mti kuangushwa. Mifano yetu inatoka Morogoro na Milima ya Uluguru, ambako jambo la pili huwagusa pia majirani wakaao bondeni.

1. Jeraha la mti

Ngozi ya binadamu ikikatwa, chembe mpya huchukua mahali pa zile zilizokufa. Mti hauna uwezo huo. Mbao iliyojeruhiwa hairudi kuwa nzima. Mti huizingira kwa kuta za kikemikali ili kuvu ziozeshazo zisienee, kisha huotesha mbao mpya juu yake. Jambo hili lilielezwa kwa kirefu katika miaka ya 1970 na Alex Shigo, mtaalamu wa misitu wa Marekani.

Mahali tawi linapoungana na shina pana uvimbe mdogo kama pete. Uvimbe huo ni sehemu ya shina, nao una kinga kubwa. Mkataji akiuondoa pamoja na tawi, hufungua njia ya kuoza hadi ndani ya shina. Akiacha kipande kirefu cha tawi, kipande hicho hufa na kuwa makao ya kuvu. Mkato sahihi hupita nje kidogo tu ya uvimbe.

Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu:

(a) Kata kutoka chini, yapata sentimita 30 kutoka shinani, hadi kufikia robo ya unene wa tawi. Mkato huu huzuia gome lisichanike hadi shinani.

(b) Kata kutoka juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, mpaka tawi lianguke.

(c) Ondoa kipande kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe.

Kupaka jeraha lami au rangi hakuzuii kuoza. Aidha, usiondoe zaidi ya robo ya matawi yenye majani kwa mwaka mmoja, kwa maana majani ndiyo jiko la mti. Tawi lililo karibu na nyaya za umeme lisiguswe, TANESCO waarifiwe.

2. Kisiki cha uwanda na kisiki cha mteremko

Katika viwanja tambarare vya mjini Morogoro, kisiki huweza kung'olewa. Wakati wa kuangusha mti, acha shina la urefu wa mita 1.5 hivi. Chimba kulizunguka, kata mizizi ya pembeni kwa shoka, kisha funga kamba juu ya shina na kuvuta kutoka mbali. Shina hilo ni wenzo: nguvu ile ile, ikitumika mbali zaidi na egemeo, huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kugeuza.

Mteremkoni kanuni hubadilika. Huko mizizi hushika udongo kama nondo zishikavyo zege. Kung'oa kisiki huacha shimo la udongo uliolegea, ambamo maji ya mvua hukusanyika. Kwa hiyo kisiki kiachwe ardhini. Mjohoro, mkaratusi na mtiki huchipua tena kutoka kisikini, na mizizi yake huendelea kuishi. Msonobari hauchipui; mizizi yake hufa, huanza kuoza ile myembamba, kisha ile minene. Utafiti wa nchi kadhaa umeonyesha kwamba mteremko uliokatwa miti huwa dhaifu zaidi miaka kadhaa baada ya kukatwa, wakati mizizi ya kale imeoza na mipya haijaenea. Basi mti mpya upandwe kando ya ule wa zamani kabla huo haujakatwa.

3. Funzo la Mgeta

Mwezi wa Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru. Yalitokea maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000, mengi yakiwa madogo na ya kina kifupi. Watafiti P. H. Temple na Anders Rapp waliyachunguza, wakaona kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba, makonde yaliyopumzishwa na nyasi. Yaliyoanzia penye miti hayakufika moja katika kila mia. Matope ya milimani huingia mitoni, na maji ya Uluguru hutiririka katika Mto Ruvu, unaotegemewa na wakazi wa Dar es Salaam.

4. Jaribio

Jaza udongo katika makarai matatu yaliyotobolewa ukingoni. Panda ulezi katika mawili, la tatu liache tupu. Baada ya wiki nne, kata ulezi wa karai moja usawa wa udongo. Katika lile la pili, ng'oa mimea yote. Yainamishe makarai kwa kiasi kimoja, mwagia kila moja lita 2 za maji kwa kopo lenye matundu, kisha kinga, kausha na upime udongo uliochukuliwa.

Maswali

1. Karai lipi limepoteza udongo mwingi zaidi? Eleza sababu.
2. Je, matokeo yangekuwa yale yale iwapo ulezi uliokatwa ungeachwa uoze kwa miezi mitatu kabla ya kumwagiwa maji?
3. Chunguza mti mmoja uliopogolewa shuleni kwenu. Je, mkato ulipita mahali panapofaa?