Pindua Sahani Kwanza

Ukitafuta watengenezaji wa sahani za kauri zenye michoro ya buluu, usianze na jina la mchoro. Blue Willow, ule wenye mti, ndege wawili na watu watatu darajani, haujawahi kuwa mali ya kiwanda kimoja. Ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18 kwa kuiga vyombo vya China, na viwanda vingi mno vimeuchapa. Muuzaji ukimwambia unataka Willow, atakupa yoyote aliyonayo, na hatakuwa amekudanganya.

Pindua sahani usome muhuri. Panga mbili zilizopishana ni za Meissen, Ujerumani. Mistari mitatu ya mawimbi ni ya Royal Copenhagen. Neno "Delft" peke yake lisikubabaishe, maana hata vikumbusho vya watalii huandikwa hivyo. Royal Delft, kiwanda cha tangu 1653, huweka pia alama ya chupa. Ukikuta jina la nchi, kuna uwezekano mkubwa chombo ni cha baada ya 1891, sheria ya forodha ya Marekani ilipoanza kulidai. Kisicho na muhuri si lazima kiwe cha kale: vikombe vingi vya seti havikupigwa, kwa hiyo omba kisahani chake.

Na ile sahani ya bibi iliyomo kwenye kidaka, Lamu au Unguja, usiharakishe kuiita ya China. Karne ya 19 pwani yetu ilipokea vyombo vingi vya Ulaya, vikiwemo vya Maastricht, Uholanzi.

Kwa vipya, nenda Stoke-on-Trent, Uingereza. Spode ilianza kuchapa Blue Italian mwaka 1816. Ilifilisika 2008, na mwaka uliofuata Portmeirion ikalinunua jina. Mimi lakini ningeanzia Burleigh, kiwandani Middleport, ambako bado wanachapa kwa karatasi ya shashi. Mchoro huchongwa kwenye rola ya shaba, rangi ikapita kwenye shashi, kisha fundi akaikata na kuilaza juu ya chombo kwa mkono. Anaisugua kwa brashi ngumu hadi rangi ishike, halafu karatasi huondolewa kwa maji. Ndipo chombo kinapakwa tabaka la kioo na kurudi tanurini.

Kazi hiyo huacha ushahidi. Fuata ukingo wa sahani, au chunguza karibu na mkono wa birika: utaona mahali vipande viwili vya shashi vilipokutana, ua limekatwa nusu au mstari umepishana kidogo. Wengine huiona kasoro. Mimi huitafuta kabla ya kuuliza bei.

Bei ikikushinda, ulizia vyombo vya gredi ya pili, vyenye kasoro ndogo. Kama unataka kujaza pengo la seti, mtumie muuzaji picha ya mbele, picha ya muhuri, na kipimo cha upana kwa sentimita. Mchoro mmoja huwa na sahani za saizi kadhaa.