Usikope Kikoba kwa Ajili ya Traki

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbangala, mama wa watoto watatu, nina miaka 36. Tuko kumi, walimu na wauguzi, tumekubaliana kwenda Mbeya mwezi Mei kukimbia Tulia Marathon, kilomita 21. Nimefurahi mno, sijawahi kufanya jambo la namna hii. Shida ni gharama. Kikundi kimeamua kila mtu atoe 150,000 ya traki za kufanana na begi, na wenzangu wanasema bila raba mpya za laki mbili na nusu nitaharibu magoti. Bado kiingilio, nauli na pa kulala. Nimefikiria kukopa kwenye kikoba, lakini mume wangu hataki. Nikijitoa nitaonekana mchoyo, maana mbio zenyewe ni za kuwachangia wenye shida. Nifanyeje?

Mwalimu, Mbangala

Marahaba mwanangu,

Usijitoe, na usikope. Mume wako ameona sawasawa: deni la kikoba hulipwa pamoja na riba, na watakaolibeba ni wanao watatu.

Mbio za hisani zimewekwa ili fedha itoke mifukoni mwetu imfikie anayehitaji. Hizo mnazokwenda huandaliwa na taasisi ya Tulia Trust kuchangia elimu na afya. CRDB Marathon ya Dar es Salaam imelipia watoto upasuaji wa moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na wanawake wenye fistula matibabu katika hospitali ya CCBRT. Sasa piga hesabu: watu kumi kwa 150,000 ni milioni moja na nusu. Na hizo traki mtazivua kabla mbio hazijaanza, kwa sababu kukimbia kilomita 21 na traki mwilini ni mateso.

Kitu kimoja tu kinastahili fedha yako, nacho ni raba. Utasikia watu wakisema Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni Roma mwaka 1960 akiwa peku. Ni kweli, lakini Tokyo mwaka 1964 alishinda tena akiwa amevaa viatu. Hata hivyo si lazima ziwe mpya. Nenda kwenye mitumba Tunduma au Mbeya saa za jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kama itakavyovimba mbioni. Vaa soksi utakazokimbia nazo, na hakikisha mbele ya kidole kirefu panabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Bonyeza soli kwa pembeni: ikiwa ngumu kama ubao, iache, imekwisha kazi. Ikunje: ijipinde penye vidole, isivunjikie katikati. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikilalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaimaliza. Inunue mapema, mguu uizoee. Raba mpya siku ya mbio ni malengelenge.

Mengine ni madogo: sidiria inayoshika vizuri, fulana nyepesi isiyo ya pamba nzito, bukta ndefu au suruali nyepesi unayoona inakustiri, na mafuta ya mgando ya kupaka mapajani na kwapani mahali panapochubuka.

Kinachokufikisha mwisho ni mazoezi. Una wiki kumi na mbili hivi, zinatosha ukianza sasa. Pita kwanza kituo cha afya upimwe presha, na useme kama kifua hukubana au huwa unapata kizunguzungu. Kisha kimbia siku tatu au nne kwa wiki. Mwanzoni changanya: dakika chache mbio, dakika chache kutembea, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza. Jumamosi iwe siku ya safari ndefu. Anza na kilomita 5, ongeza kidogo kidogo kila wiki hadi 16 au 18. Kila wiki ya nne punguza ili mwili upone, na wiki mbili za mwisho punguza kabisa. Uchovu ni wa kawaida, lakini maumivu makali ya goti au kifundo yakuambie upumzike.

Mvua za kwenu huendelea hadi Aprili, kwa hiyo chagua barabara isiyoteleza. Usikate njia za porini gizani. Maeneo ya dhahabu kama yenu yana mashimo ya wachimbaji. Kimbia ukiyatazama magari na bodaboda yanayokuja, na umpate mwenzako mmoja wa kikundi mtoke pamoja.

Mbeya iko juu, takriban mita 1,700, na asubuhi yake ni baridi. Beba sweta kuukuu la kuvaa mpaka mtakapopanga mstari. Anza taratibu kuliko unavyotaka, kwa sababu pumzi itakuwa fupi kuliko ya nyumbani. Kula ulichozoea: uji, viazi, ndizi. Kunywa maji ukisikia kiu, usijilazimishe lita nyingi. Maji yakizidi sana mwilini nayo ni hatari. Ukiona mazoezi yamekwama, hamia umbali mfupi mapema. Bado utakuwa umechangia.

Sasa kikundi. Sema mapema, sema mbele ya wote, na uende na pendekezo. Waambie: “Jamani, naomba tuweke fulana moja ya kufanana, kila mtu avae chini alicho nacho, na fedha itakayobaki tuipeleke kwenye mchango kwa jina la walimu na wauguzi wa Mbangala.” Naamini si wewe peke yako: katika watu kumi wenye mishahara kama yenu, wapo wengine wanaowaza kikoba na hawajathubutu kusema. Wakikataa, lipa kiingilio chako, vaa fulana yako, ukimbie nao hivyo hivyo. Mchoyo ni anayekataa kumsaidia mgonjwa. Anayekataa deni la nguo si mchoyo, na mwalimu anayeweza kulisema hilo kikaoni anawafundisha wenzake pia.

Wako,
Shangazi